Kibuyu cha Uji

Kioko mjukuu wangu,

Hapa Masii tuko salama. Ndengu zimetoa maua, na goti la mama yako limepona. Natumai baridi ya Kanada inakuhurumia.

Uliniuliza kwa simu: askofu mmoja anasema mashoga wafukuzwe kanisani, mwingine anasema wakaribishwe, wewe Susu uko upande gani? Mimi si msomi wa Biblia. Nitakueleza nilichoona.

Mwaka nilioolewa, wazee wa kanisa letu waligombana na mchungaji juu ya Nzioka, mwalimu wa kwaya, aliyeishi na mwanamume mwenzake kama mtu na mkewe. Walikuwa bado wanabishana wakati zamu yetu ya mwethya, kazi ya kusaidiana, ilipofika, majirani wakaja kutuchimbia matuta shambani. Nzioka naye akaja na jembe lake. Tulipopumzika, kibuyu cha uji kikazunguka, kila mtu akinywa na kumpa mwenzake. Nzioka alipokunywa, jirani aliyefuata akaangalia chini, hakupokea. Kibuyu kikabaki mikononi mwa Nzioka.

Mama mkwe wangu akainuka, akakichukua, akanywa palepale Nzioka alipoweka mdomo. Kisha akamwambia yule jirani, "Shika, uji unapoa." Jirani akashika.

Wakubwa wa kanisa wanabishana mpaka leo. Wewe njoo Desemba, na uje na huyo rafiki yako unayemtaja kila ukipiga simu. Kibuyu bado ninacho. Akishakunywa yeye, nitakunywa mimi.

Susu wako