Njoo Usome Kabla Hawajafunga

Sendai, 9 Februari 2023

Kaka Shigeaki,

Swali hili nimelibeba tangu utotoni, na nimechoka kulizungusha peke yangu: kwa nini hukuwahi kugusa kibodi? Lakini nimetanguliza swali mbele ya salamu. U hali gani? Macho je? Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo. Theluji ya huku bado imelala juu ya mapaa.

Wifi Sanae ameniambia kwa simu kwamba umeagiza sehemu za kompyuta, mojamoja, ili uiunde kwa mikono yako kabla ya upasuaji wa macho wa mwezi wa sita. Nikakumbuka lile duka la umeme la karibu na stesheni, ghorofa ya pili. Hatukuwa na kompyuta. Tulitumia ile ya maonyesho, kama watoto wote wa mji ule. Wewe ulishika gazeti la kompyuta ukisoma namba za kuundia mchezo, mimi nikiziandika kwenye mashine, hadi ulipopigwa wimbo wa kufungia duka na muuzaji akazima mashine. Kazi ya alasiri nzima ilipotea, na kesho yake tukaanza upya. Hata Baba alipotununulia ya kwetu, uliendelea kusoma tu.

Niruhusu nije kukusaidia.

Mdogo wako,
Mihoko

*

Tottori, 20 Februari 2023

Mihoko mdogo wangu,

Salamu zimefika, nasi tu wazima, ila mabega yameisha kwa kusomba theluji. Macho ndiyo hayo: pembeni naona, katikati pana ukungu. Wateja nawanyoa kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na hakuna aliyelalamika. Labda yupo aliyepungukiwa sikio, ananistahi tu.

Swali lako, Profesa, lina jibu fupi. Vidole vyako vilikuwa vyepesi, vyangu viazi. Nyuma yetu palikuwa na foleni ya watoto wanaofoka, "Nyie, fanyeni haraka!" Nani angenisubiri?

Usije. Ukija utanipokonya bisibisi, nakujua. Naitaka kazi hii iwe yangu, wakati bado naona ninachokifanya. Nikikwama nitaandika.

Kaka yako,
Vidole vya Viazi

*

Sendai, 3 Machi 2023

Kaka,

Natumaini mabega yamepoa. Jibu lako nimelisoma mara kadhaa, na sikuridhika nalo: vidole vya viazi havinyoi watu miaka thelathini. Lakini huenda natafuta uchungu pasipo na uchungu. Ni ugonjwa wa kazi yangu ya utafiti, kuchimba kila jibu.

Basi nakusomea kutoka mbali. Vua sweta la sufu, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini ukutoke. Prosesa, ule ubongo wa mashine, usiisukume, ilaze mahali pake, kama mtoto aliyesinzia. Vipande vya kumbukumbu ndivyo vya kukandamiza, mpaka vilie "ta!" pande zote mbili.

Unakumbuka kaseti zetu za kuhifadhia michezo? Kabla ya kurekodi mchezo ulitamka jina lake kwa sauti ya mtangazaji wa mieleka ya sumo, ili tujue unapoanzia, na Mama akaita kutoka jikoni, "Nani huyo anapiga kelele?" Kila tulipousaka mchezo ule tulimsikia Mama kwanza.

Mdogo wako,
Mihoko

*

Tottori, 26 Aprili 2023

Mihoko,

Usininunie kwa kimya changu. Wewe na nyumba yako hamjambo? Huku maua ya micheri yamekwisha pukutika, na ukungu machoni umenona.

Mashine imewaka! Majuma mawili feni zilizunguka na skrini ikabaki nyeusi kama chungu. Sanae akasema, "Umenunua kikausha nywele kingine, hongera." Kumbe waya wa skrini niliuchomeka tundu silo. Nimeligundua kwa kupapasa.

Herufi nimezikuza kama vibonge vya wali, nikafungua lile gazeti letu la zamani, nikaanza kuandika mchezo wa mbweha anayevuka mashamba ya mpunga. Mwenyewe, kwa viazi hivi. Nimefika ukurasa wa pili, nikakwama. Skrini naikuza, karatasi haikuziki. Namba 8 na 3 zimekuwa pacha.

Na sijaizima tangu siku hiyo. Sanae anapiga kelele kuhusu bili ya umeme, "Wewe mzee, siku hizi ulivyoandika havipotei!" Najua. Mkono ndio unaokataa.

Nilisema usije. Sasa njoo usome. Nimeiacha inawaka. Njoo kabla hawajafunga.

Kaka yako,
Shigeaki

*

Sendai, 18 Juni 2023

Kaka,

Pole kwa kisu na kwa bandeji. Nimeambiwa madaktari hawaahidi kitu bado. Wifi ndiye anayekusomea haya. Wifi, soma polepole, asikukimbize.

Siku zile za likizo ya Mei, nilipokuja kwenu kukusomea, haziniondoki. Mbweha alitokomea kwenye shamba la tatu, tukaanza yaleyale. "Umesoma vibaya!" "Wewe umeandika vibaya!" Mpaka Sanae akatutishia kutunyima chakula kama Mama. Kosa lilipopatikana, nilikuonyesha namna ya kuhifadhi, ukabonyeza mwenyewe, ukazima, ukaweka kiganja juu ya kasha hadi feni zikatulia. Ulipowasha tena, mbweha alikuwa palepale. Ulikwenda kufagia nywele dukani.

Nilipokuwa nakusomea, nilionja mambo mawili pamoja: vidole viliniwasha kwa hamu, na hata hivyo sikutaka tubadilishane nafasi. Sijui ni lipi kati ya hayo lililokuwa lako miaka yote ile. Nusura nikuulize pale mezani. Sikuuliza, kwa sababu ungechagua jibu la kunipa usingizi, nami ningeliamini kwa kuwa nalitaka.

Wifi anasema ulikwenda hospitali ukaiacha mashine inawaka. Nimemwomba asiizime.

Mdogo wako,
Mihoko