Kibuyu cha Kwanza cha Ta Rwiza

Alhamisi. Mawingu yamejaa upande wa ziwani tangu asubuhi, na mvua hainyeshi. Kijiji chetu cha Kaagya kimenyamaza, hata redio za majirani.

Mimi huwa siongei sana. Shule niliachia darasa la nne, ndiyo maana mchana naenda kwenye darasa la watu wazima pale kigangoni. Mwalimu Koku anatufundisha kusoma kwa nembo ya taifa na katiba. Anabandika ile picha ukutani, mwanaume na mwanamke na ngao katikati, tunasoma pamoja: Uhuru na Umoja. Siku moja jirani yetu Ma Justa akauliza, "Sasa mwalimu, mbona mgomba haumo? Hao waliochora walikuwa hawali?" Tulicheka mpaka mwalimu akakaa chini.

Wiki iliyopita akatufundisha nyarubanja. Kwamba zamani mashamba ya huku yalikuwa ya wakubwa wachache, sisi wengine tukakaa humo kwa kuwapelekea pombe na ndizi. Baada ya uhuru sheria ikafuta. Kibanja, yaani shamba lenye nyumba, ni cha anayekilima.

Lakini sisi bado tunapeleka.

Nyumba yoyote ya upande wetu ikitengeneza lubisi, pombe yetu ya ndizi, kibuyu cha kwanza kinaenda kwa Ta Rwiza, maana babu yake ndiye alikuwa mwenye ardhi. Hakuna anayetulazimisha. Nilidhani ni heshima tu, kama kusalimia.

Ma Justa akasimama. "Basi cha kwangu nakunywa mwenyewe."

Na akakinywa kweli, Jumapili, huku anaimba tunamsikia.

Jumanne ameamka, migomba yake yote imekatwa. Mikungu imeachwa palepale chini.

Mwizi angebeba.

Nilienda kuangalia. Watu walipita njiani wanatazama mbele, kama hapo hapana nyumba. Leo darasani tulikuwa watatu, na Ma Justa hakuja. Mwalimu alisoma katiba kwa sauti ndogo, kila saa anaangalia dirishani.

Niliporudi nikaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia lubisi, nikawa nakanyaga ndizi, Bibi yangu ninayeishi naye anaongeza nyasi. Ikaja pikipiki. Ni mtoto mkubwa wa Ta Rwiza, yule mwenye duka Muleba. Alisalimia vizuri sana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, waitu," Bibi akajibu kwa heshima.

"Lubisi yenu inaiva lini? Mzee anaulizia."

Bibi akatazama chini. Mimi nilikuwa na maji ya ndizi mpaka magotini, sina hata pa kukimbilia.

"Hatuleti," nikasema.

Akanigeukia, akacheka. "Kumbe na huyu ana mdomo! Miaka yote najua Bibi anafuga bubu."

Halafu akaangalia shamba letu taratibu, kuanzia njiani mpaka nyuma ya choo.

"Migomba yenu imependeza, Bibi."

Akawasha pikipiki, akaenda.

Bibi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, hiyo sheria ya mwalimu italala hapa na sisi?"

Nilitaka kumwambia twende kwa mtendaji wa kijiji. Nikakumbuka mtendaji mwenyewe nimemwona kwa macho yangu, amekaa barazani kwa Ta Rwiza, bilauri mkononi. Labda ni lubisi yetu alikuwa anakunywa. Nikaendelea kukanyaga ndizi.

Kitu kinachonisumbua ni kwamba Bibi amezaliwa kwenye kibanja hiki na amemzika babu hapa, chini ya hiyo migomba. Hana pengine. Mimi ni kijana, naweza kwenda Bukoba mjini nikabeba mizigo. Neno nimelisema mimi, shamba ni la kwake.

Sasa giza linaingia. Ametandika mkeka mlangoni, uso shambani, muhoro pembeni yake, ule wa kukatia majani. Hajasema nisikipeleke kibuyu, hajasema nikipeleke. Mbebaji ni mimi siku zote.

Sitakibeba. Naandika hapa ili kesho nisije nikajikana.

Ila najijua, uoga ninao. Nikisikia mgomba unaanguka, nitatoka nje, au nitajifunika shuka?