Kaka Bado Hajui Kwamba Drams za Albamu Si Zake

Shangazi, kabla hujafika mstari wa pili nakuomba kwa heshima zote, haya ninayokuandikia yabaki kati yako na mimi, na kama ni lazima uyachape basi usitaje ofisi yetu wala jina la bendi, maana wenzangu kazini husoma ukurasa wako wakati wa chai na huwa wanabahatisha kwa sauti ni nani aliyeandika.

Mimi ni karani kijana, napokea maombi ya watu wanaotaka kuunganishiwa maji, nayapanga na kuyapeleka kwa mkubwa wangu, lakini jioni na mwisho wa wiki napiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki, na si roki ya kumfurahisha kila mtu, ni ile yenye kelele na maneno ya uchungu ambayo redio kubwa zilikuwa hazitaki hata kuisikia, kwa hiyo tumekuwa tukiipigia kwenye ukumbi mdogo nyuma ya duka la rangi mbele ya watu wale wale, mpaka viatu vyao tunavijua. Tuko watatu. Kuna mwimbaji, ambaye pia hupiga gitaa, kuna mimi, na kuna kaka yangu wa tumbo moja, mpiga drams, ambaye ndiye aliyeanzisha bendi na ndiye aliyenifundisha besi. Mchana yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma na wenzake karakana humwita Nyundo, wanasema hata akibisha hodi jirani huanza kucheza.

Mwaka huu kampuni kubwa ya muziki ilitusikia ikatuingiza studio ya kweli, na sasa albamu iko tayari, na kila aliyeisikia anasema hii ndiyo itakayotutoa, tena redio zilizokuwa zinatukimbia zimeanza kuuliza inatoka lini. Tatizo ni kwamba kaka huchelewa kidogo kwenye mapigo. Si kwamba hajui, ndivyo apigavyo, kama mtu anayeburuta mguu kwa makusudi, na mashabiki wetu wa zamani wanaupenda mburuto huo kuliko kitu chochote. Prodyuza hakuupenda. Kaka alipomaliza sehemu zake na kurudi kwenye vyuma vyake, prodyuza alimleta mpiga drams wa kukodi, mtu mpole kabisa, akazipiga nyimbo zote upya zikanyooka kama rula, kisha wakaniita mimi, kwa kuwa besi hutembea na drams na zikibadilika nayo haina budi kurudiwa. Niliomba ruhusa ofisini nikadanganya kwamba jino linaniuma, nikaenda, nikavaa hedifoni, nikazisikia nyimbo zetu bila kaka yangu ndani yake, nikapiga. Na nilipiga vizuri, Shangazi, ndiyo maana siwezi kumtazama usoni.

Mwimbaji wetu aliniweka pembeni kwenye ngazi za studio akaniambia kwenye bendi ni yeye na mimi tu tunaojua. “Akijua leo atavunja bendi,” akasema. “Akijulia kwenye uzinduzi, amezungukwa na watu wanaopiga makofi, atafanya nini?”

Uzinduzi ni Jumamosi ijayo. Albamu itachezwa yote mbele ya wageni kabla hatujapanda jukwaani, na kaka ameialika karakana nzima, na mama amewaambia majirani wote, hata wale asiosalimiana nao. Kila tukikaa kula kaka hugonga ukingo wa meza kwa kijiko na kumwambia mama, “Subiri wimbo wa nne. Pale katikati wote wananyamaza, utanisikia niko peke yangu.” Mama anacheka, na mimi nina nakala ya wimbo huo kwenye simu mfukoni, na aliye peke yake pale si yeye. Juzi aliniuliza mbona nimenywea, nikasingizia kazi nyingi, akanipiga bega akasema, “Vumilia mdogo wangu, hii ikitoka utawaachia mafaili yao.”

Sikuandikii uniamulie kama nimwambie au ninyamaze. Hilo nimekwisha kuliamua, atajua kabla ya Jumamosi na atajua kutoka kinywani mwangu. Ninachoomba ni msaada wa namna ya kusema, kwa sababu kila nikijaribu naanza na mitambo ya studio, napita kwa prodyuza, na naishia kumuuliza kama amekula.

Ukiwa tayari kunijibu tafadhali usipige simu ya ofisi, iko mezani kwa karani mkuu na yeye humhoji kila anayepiga ana uhusiano gani na anayemtafuta. Tuma ujumbe kwenye namba niliyoiandika nyuma ya bahasha, saa ya chakula cha mchana, uandike tu kwamba mita iko tayari, nami nitatoka uani nikupigie.

Mpiga besi

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu mpiga besi,

Ujumbe wa mita niliutuma na tumeongea. Nayarudia hapa kwa sababu kwenye simu ulikuwa unasema “ndiyo, Shangazi” haraka mno, na mtu anayeitikia hivyo mara nyingi hasikii.

Pole. Unampenda kaka yako, inaonekana. Lakini toka nyuma ya mgongo wa prodyuza. Prodyuza hakai kula meza moja na mama yenu. Kutolewa kwenye albamu na mgeni kutamuuma; kuachwa ajisifu kwa kijiko huku wewe unajua na unatafuna, kutamuuma zaidi. Hilo ni lako, ulibebe. Na huyo mwimbaji wenu anataka kumfanya mama yenu na mafundi wa watu kuwa kamba ya kumfungia rafiki yake. Usimwombe ruhusa. Ataarifiwa baadaye.

Leo ukitoka kazini usimfuate karakana. Mngoje nyumbani anawe mikono, kisha mtoke nje wawili. Sentensi ya kwanza iwe hii: “Kaka, drams zilizo kwenye albamu si zako, na mimi nilirudia besi juu yake.” Hakuna mitambo, hakuna umekula. Ukishaisema, nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, usikijaze. Mpe hedifoni ausikie wimbo wa nne bila macho ya ukumbi mzima. Akizitupa, ziokote. Akikuuliza kama albamu ni nzuri, sema kweli, ni nzuri. Ukidanganya na hapo, atakuwa hana hata neno lako moja la kuliamini.

Akipoa, nendeni pamoja kwenye hiyo kampuni mkadai aliyepiga aandikwe kwenye jalada, na kaka yako asiandikiwe kazi isiyo yake. Jukwaani Jumamosi drams ni zake, na mburuto wake, na wewe unamfuata. Wafikishieni hilo kama taarifa, si ombi. Na akikataa kupanda, usimbembeleze wala usimtume mama.

Uliniuliza kwenye simu, je, akiivunja bendi? Huenda akaivunja. Redio zitaipiga albamu yenu bila ninyi, na Jumatatu utakuwa umekaa pale pale unapanga maombi ya maji. Ni hasara kubwa, sitakufariji kwa uongo. Lakini mwenye haki ya kwanza ya kusema bendi hiyo iendelee au ife ni aliyeianzisha, na mpaka sasa ni yeye tu ambaye hajaulizwa.

Muulize leo.