Skrini ya Laptop Imepona, Mume Wangu Hajui

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa na haraka na aibu kwa pamoja, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na tafadhali usicheke kwanza, soma mpaka mwisho ndipo ucheke kama ni lazima.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mume wangu ni seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba, na watoto wetu wote wameshakuwa watu wazima, sasa yule wa mwisho alipohama akaondoka na kelele zote za nyumba, tukabaki mimi na baba yao tunakula chakula cha jioni kama wasafiri wawili waliokutana hotelini, nipitishie chumvi, ahsante, haya, kisha yeye huyo barazani na simu yake na mimi nabaki mezani na masahihisho yangu. Hatukuwa tumegombana, Shangazi, ugomvi mimi naujulia, tulikuwa tumeishiwa maneno tu, na iliniuma kweli lakini nikawa najifanya hamnazo.

Ndipo laptop yangu ikaanza vituko. Nikiiwasha skrini inajaa mistari, mara inageuka yote rangi ya waridi, mara inakuwa nyeusi tii huku naisikia feni ndani inavuma kama kawaida, nikajaribu kila nilichoambiwa, nikaizima na kuiwasha, nikachomoa chaja, nikaiunganisha na televisheni ya sebuleni na kule picha ikatokea safi kabisa, maana yake mashine yenyewe ni nzima ila kioo chake ndicho kinachodeka, nikaipiga hata kofi moja, usinihukumu. Mume wangu alikuwa anapita kuchukua maji ya kunywa, akaniona ninavyohangaika, akasema, "Hebu, Mwalimu, hizi nazo si bawaba tu?" Akasimama nyuma ya kiti changu, akabana kona mbili za chini za kile kioo, kidole gumba huku na kidole gumba huku, na skrini ikawaka! Akiachia inazima, akibana inawaka, basi ikabidi abaki hapohapo anabana huku mimi naandika neno la siri, tukasubiri mpaka mashine ikapata joto ndipo picha ikatulia yenyewe.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu ya kila jioni. Anakuja anasema, "Haya Mwalimu, tumwamshe mgonjwa," na kwa kuwa kusimama kulimchosha akachonga stuli ndefu ya kukalia nyuma yangu, mikono yake inapita juu ya mabega yangu kwenda kushika kona, yaani jirani akichungulia dirishani atasema tumekumbatiana, kumbe ni kazi tu. Na wakati tunasubiri mashine ipate joto tunaongea, ananisimulia mteja aliyeagiza mlango bila kupima fremu akarudi kulalamika kwamba mlango umenenepa njiani, namsimulia mkuu wetu wa shule anavyosinzia kikaoni akishtuka anasema "naunga mkono hoja" na hoja yenyewe ni ya kumkata yeye posho ya chai, tunacheka mpaka napaliwa. Akaanza hata kuoga na kubadilisha shati kabla ya kuja, eti vumbi la mbao lisiingie kwenye kibodi. Nilikuwa na furaha, Shangazi, nasema bila kuficha, nilikuwa nasahihisha madaftari mchana nikiwa naingoja jioni.

Sasa siku moja shuleni laptop ikagoma kabisa, haiwaki hata ibanwe vipi, na alama za wanafunzi wangu zote zimo humo, nikakimbia nayo kwa fundi wa kompyuta aliye karibu na shule. Yule kijana akaifungua, akanionyesha waya mmoja bapa, mwembamba, unaopita kwenye bawaba kwenda kwenye kioo, akasema, "Mama, huyu ndiye mchawi wako, amelegea, na kubanabana kote huko mngekuja kupasua kioo bure." Akauchomeka vizuri, akaubandika utepe, akafunga. Ikawaka kama mpya. Nikatoka pale natembea kwa madaha, kufika nusu ya njia furaha yote ikaniishia, nikajiuliza, sasa leo jioni baba watoto anakuja kufanya nini?

Na jioni akaja, ameoga, shati safi, kakaa kwenye stuli yake, "Tumwamshe mgonjwa," na mimi mdomo ukawa mzito. Laptop yangu ukipunguza mwanga mpaka mwisho skrini inakuwa nyeusi kabisa, basi nikabonyeza kile kitufe cha kupunguza, yeye akabana kona zake, nikawa nauongeza mwanga taratibu kwa kidole kimoja nimekificha chini ya kiganja. Akasema, "Unaona? Inanijua mimi." Tangu hapo ndio mchezo wangu kila siku, mimi ambaye nanyang'anya watoto vikaratasi kwenye chumba cha mtihani! Jirani alisikia sifa akaleta televisheni yake inayochezacheza, mume wangu akamkatalia, akamwambia, "Vidole hivi vina mgonjwa mmoja tu," nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Juzi nusura niumbuke, nilisahau kupunguza mwanga, skrini ikawaka yenyewe, picha ya wanetu imejaa kioo kizima, na yeye ndio anakaa! Bahati yangu hakuwa amevaa miwani, akabana kona zake akasema, "Leo naona imekasirika kweli, ngoja nishike vizuri," nikashusha pumzi.

Sasa Jumamosi yule fundi wa kompyuta anakuja nyumbani, ameagiza rafu kwa mume wangu, na yule kijana mdomo wake hauna breki, akiniona tu ataniuliza, "Mama, ile laptop inaendeleaje tangu niitengeneze?" Jana nimeingia karakana mume wangu alipokuwa kwa mteja, nikapita chini ya vile vibanio vyake vya chuma vya kubania mbao zikiwa na gundi, vimening'inia ukuta mzima vikubwa kwa vidogo, nikachukua bisibisi ndogo kabisa, iko kwenye mkoba wangu mpaka sasa. Nifungue niulegeze ule waya kwa mkono wangu, ili uongo uwe kweli? Nimwombe fundi anyamaze? Au niseme ukweli, mume wangu ajione nilimfanya mjinga na arudi zake barazani kwenye simu? Hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha, Shangazi, siwezi tena kile chakula cha kimyakimya.

Ni mimi,
Mwalimu wa Hesabu Niliyekosea Hesabu

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu, kabla hatujaongea lolote, rudisha bisibisi ya watu. Leo. Iweke pale ulipoitoa. Una alama za watoto wa wenzio ndani ya hiyo mashine, halafu unataka kuipasua kifua ili mumeo apate sababu ya kukaa karibu nawe? Mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima tu, lakini nimemuuliza fundi anayezihudumia mashine zetu hapa gazetini, naye kashika kichwa. Anasema kioo kinachowaka ukikibana na kuzima ukikiachia kinapelekwa kwa fundi, hakibanwi, na kilichopona ndiyo kabisa hakiguswi. Huyo kijana wako alisema kweli, mnachezea kioo kizima mpaka kipasuke. Mchezo uishe.

Na nimecheka, ulinikataza nikashindwa, ofisi nzima imekuja kuuliza kuna nini.

Sasa tuje kwenye hesabu zako, maana umekosea kweli, ila si pale unapodhani. Hivi nyumba yako haina kibanio cha nguo? Vibanio viwili vya kamba ya kuanikia, kimoja kila kona, na laptop ingewaka kila jioni bila msaada wa mtu. Wewe mwalimu mzima hukuliwaza hilo, sawa, tuseme akili ilikuwa kwenye masahihisho. Lakini mumeo! Mtu mwenye ukuta mzima wa vibanio vya chuma, vikubwa kwa vidogo, kazi yake ya kila siku ni kubana vitu vitulie ili yeye aende zake akafanye mengine. Alipoona kuna kitu kinahitaji kubanwa, akaenda karakana, akavipita vyote, akachukua mbao, akapima, akakata, akapiga randa, akachonga stuli. Ya kukalia nyuma yako. Mwalimu, hebu isome tena sentensi hiyo polepole kama unavyowaambia wanafunzi wako wasome swali.

Halafu unaniambia shati. Tangu lini mwanaume anaoga na kubadilisha shati kwenda kushika kompyuta? Vumbi la mbao, ahaa. Vumbi hilohilo ameingia nalo kitandani miaka yote ya ndoa yenu, leo ndio limekuwa tatizo la kibodi.

Na usinichekeshe na habari ya miwani. Picha ya wanawe wa kuwazaa imejaa kioo kizima, inammulika usoni, na yeye anabana kona anasema imekasirika? Seremala anayeona mlango ukipinda unene wa unywele, ashindwe kuona skrini iliyowaka? Amejua, mama. Sijui amejua lini, pengine jioni ileile ya kwanza, maana mgonjwa wenu alikuwa anaamka na mistari na rangi ya waridi, ghafla akaanza kuamka mpole kama taa inayoongezwa utambi, na kidole chako kimejificha chini ya kiganja kama mtoto aliyeiba sukari. Amejua akanyamaza, akaendelea kubana mashine nzima, kwa sababu naye anakiogopa kile chakula cha kimyakimya kama wewe. Mko watu wazima wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake asigundue kwamba laptop imepona!

Nakuonea huruma, usidhani nakusema tu. Nyumba watoto wakishaondoka inakuwa na nafasi nyingi kuliko watu, na wengi wanaoniandikia wapo hapohapo ulipokuwa, isipokuwa wao laptop zao ni nzima. Kuona aibu kumwambia mumeo mwenyewe "njoo ukae na mimi" si ajabu. Mmeishi pamoja muda mrefu, mnadhani mambo hayo yamekwisha kujulikana, kwa hiyo hayasemwi. Wewe ukatafuta kitufe, yeye akatafuta stuli. Ila huwezi kuiweka ndoa juu ya waya uliolegea. Mashine hiyo siku moja itakufa moja kwa moja, au shule itakupa nyingine, kisha mtaanza kuvunja nini, friji?

Basi fanya hivi. Usimwombe yule fundi anyamaze, kijana wa watu hana kosa, na siri ya watu watatu ni tangazo. Jumamosi mwache aje achukue rafu yake na aulize anachotaka, kwa sababu kufikia hapo atakuwa amechelewa. Leo hii, kabla mumeo hajaja, washa laptop, ongeza mwanga mpaka mwisho, picha ya wanenu ionekane toka mlangoni. Stuli usiisogeze. Akifika, akakaa nyuma yako na kunyoosha mikono kama kawaida, akaanza "tumwamshe mgonjwa," mwambie ameshaamka, mwambie na fundi aliyemtibu, mweleze na kile kidole chako, yote, kwa pumzi moja kama ulivyoniandikia mimi. Ataguna, pengine atakucheka, na wewe utakuwa na haki ya kumuuliza kuhusu vibanio vyake vya chuma. Muulize tu, nami naomba uniandikie alivyojitetea, hiyo sitaki kuikosa.

Lakini usiishie kwenye habari za mashine. Ukikomea kwenye waya na utepe ataitikia, atapongeza, kisha atainuka kwa adabu aende barazani, maana umemwambia kazi imekwisha. Mwambie lile uliloniambia mimi, kwamba ulikuwa unasahihisha mchana huku unaingoja jioni. Liseme kwa maneno hayohayo, sauti ikitetemeka iache itetemeke. Kisha funga hiyo laptop. Mikono yake itakuwa pale mabegani mwako haina kazi ya kufanya, ishike wewe, na masahihisho yasubiri kesho.