Sauti ya Kufukuzia Tumbili

Jumatano, 20 Agosti 2025

Daftari hili kanipa mwanangu Salha. Kasema mama andika, usije ukapasuka. Haya, naandika. Leo siku ya kumi na nane ya eda. Nina chupa ya soda, kila alfajiri natia punje moja ya hindi. Zikitimia mia na thelathini nitatoka nje. Kumi na nane! Hata kitako cha chupa hazijakifunika vizuri.

Kanga wa Boga wamekuja tena. Ndege tisa wa porini, wenye madoadoa, wametoka kichakani wakasimama uani wananitazama dirishani. Miaka kumi na moja Boga, marehemu mume wangu, aliwamwagia mahindi kila asubuhi. Juma alilokufa aliniambia, Mwanarusi, wageni wangu usiwatupe. Sasa nifanyeje? Ua wetu hauna ukuta, njia ya watu inapita papo hapo, na mwenye eda hatoki akaonwa. Wifi Mwanasaumu, dadake Boga, aliyekuja kunikalia, anaogopa ndege. Mtu mzima na meno yake anaogopa kanga! Anamwaga mahindi kwa dirishani na kufunga. Hata hayajatulia chini — tumbili hao.

Ijumaa, 22 Agosti

Salha kaja kutoka Kiembeni na mashine. Ya kulishia kuku, lakini kasema kanga ni kuku wenye kiburi tu. Pipa la buluu, chini yake kisahani chenye mota, betri ya pikipiki, na saa yake. Ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi inajizungusha na kurusha mahindi. Yenyewe! Hakuna mtu wa kutoka nje.

Kaifunga Absalom, jirani. Mtu wa Vihiga, fundi umeme bandarini, ana heshima zake. Yeye nje, mie ndani nyuma ya pazia, tunasemezana kama mahabusu na askari. Kakiweka kipipa juu ya miguu mitatu ya chuma. Kaniambia mama Salha, hii hata kama uko Makka ndege watakula.

Nalala na raha leo, mara ya kwanza.

Jumamosi, 23 Agosti

Raha gani! Mashine imenguruma, kanga wametimka hadi kichakani, tumbili wamebaki. Hawakushtuka hata kidogo. Lile dume kubwa lenye makende ya buluu (Mungu nisamehe, ndivyo yalivyo) limepanda juu ya pipa, limening'inia kichwa chini, likatia mkono kwenye kisahani na kuchota mahindi. Wifi kapiga kelele dirishani na mwiko mkononi. Limemwangalia. Limeendelea kula.

Huku mtaani kwetu Shika Adabu kila mtu anajua: tumbili hamwogopi mwanamke. Akiona kanzu maili moja anakimbia, akiona buibui anasogea. Nikamwambia wifi atundike kanzu ya Boga kwenye mti wa ndizi. Ilifaa hadi adhuhuri. Alasiri kitoto cha tumbili kilikuwa kinabembea kwenye mkono wa kanzu ya mume wangu. Nimecheka, nikaona haya, halafu nikalia.

Jumatatu, 25 Agosti

Absalom kajaribu pilipili. Wamekula na pilipili. Kazungushia waya, wamepita kati ya waya. Mahindi ya siku mbili yameisha na kanga hawajala punje. Leo wamekuja saba tu. Wawili sijui wako wapi.

Alasiri nimekumbuka. Ee Mola, nimekumbuka! Mwaka jana Boga alikuwa zamu ya usiku kwenye godauni kule Changamwe, tumbili wakanivamia alfajiri. Nikampigia. Akacheka, akanitumia sauti kwenye simu, akasema icheze hiyo, kisha uweke simu dirishani. Hoi! Hoi! Mashetani nyie, tokeni kwangu, nakuja na panga! Nikaicheza, tumbili wakatawanyika. Mara ngapi nimeitumia tangu hapo, kila akiwa kazini. Nilikuwa nikimtania kwamba wenzake godauni walidhani kapagawa.

Bado iko kwenye simu. Nimempelekea Absalom.

Jumanne, 26 Agosti

Jana jioni Absalom kaleta spika, ile ya kanisani kwao ya zamani. Kafunga na kijicho kama cha taa za getini, kitu kikikwea pipa kijicho kinakiona na sauti inatoka. Kanga wako chini, hawakiamshi.

Asubuhi kisahani kimezunguka. Dume limepanda. Na Boga — Boga! — kapiga ukelele uani kwangu. Nimekaa chini sakafuni na kujifunika uso. Sauti yake nzima, na ule mkwaruzo wa sigara alizokuwa akinificha. Tumbili wote wamekwenda, wengine wameangukiana. Kanga wamerudi wakala. Wanane! Mmoja kapatikana.

Wifi kakasirika. Kasema sauti ya maiti haichezwi, ni kumsumbua kaburini, tutaulizwa. Nikamwambia Boga alikuwa akisumbuliwa na tumbili, sio na kufukuza tumbili. Uso umemkunjamana siku nzima.

Ijumaa, 29 Agosti

Kanga tisa. Wote! Mashine inafanya kazi, sauti inafanya kazi. Kila ikianza mie najifunika leso usoni na kulia kidogo, kisha naendelea na siku yangu. Nimeizoea. Nasema bado yuko, anasimamia mahindi yake.

Wifi naye ana wazimu mpya. Kila Boga akianza kupiga kelele, yeye anagonga sufuria. Gwaa gwaa gwaa, mpaka sauti iishe. Nimemuuliza ni nini, kasema anaongeza nguvu za kufukuza. Sijawahi kuona mtu anasaidia spika.

Jumapili, 31 Agosti

Emmaculate, mkewe Absalom, kaja kunitazama baada ya kanisa. Kaleta ndizi. Yeye mwanamke mwenzangu, kaingia ndani, tumeongea vizuri. Kasema mtaa mzima sasa unaamka na sauti ya mzee, hata watoto wanaiga njiani.

Kisha kauliza, kwa upole kabisa, "Mama Salha, huyo Dhahabu ni mdogo wake Salha? Sijawahi kumwona."

Nikamuuliza Dhahabu gani.

"Si pale mwisho wa ile sauti unamwita mzee. Baba Dhahabu, chai inapoa. Mimi nilidhani ni wewe."

Wifi kaangusha kikombe.

Sijui Emmaculate aliondoka vipi. Nakumbuka ndizi zimebaki mezani.

Jumapili, hiyo hiyo, baada ya isha

Nimeisikiliza. Chooni, mlango nimefunga, simu sikioni. Sauti ile ina sekunde kumi na tisa. Mwaka mzima sikuwahi kupita ya kumi — tumbili wakishakimbia naizima, ya nini tena? Na siku hizi najifunika na kulia, na wifi anagonga sufuria.

Hoi, hoi. Mashetani. Panga. Kisha kimya. Kijiko kinakoroga kikombe. Kisha mwanamke, si mbali, hapo hapo chumbani: Baba Dhahabu, chai inapoa. Lafudhi ya bara. Na Boga anacheka. Kile kicheko cha mtu aliyekwishavua viatu.

Hakuna godauni. Hakukuwa na godauni siku ile.

Nimeirudia mara sita. Mtaa mzima umeisikia siku sita. Shika Adabu yote inajua chai ya mume wangu ilipoa wapi, isipokuwa mie niliyetundika spika!

Jumatatu, 1 Septemba

Punje ya thelathini nimetia. Sijui natilia nini.

Jumanne, 2 Septemba

Alfajiri nimeficha sufuria zote chini ya kitanda. Masinia pia. Kisha nimekaa mkabala na wifi, magoti kwa magoti, tukangoja.

Mashine ikazunguka. Dume likapanda. Boga akapiga kelele. Wifi akanyoosha mkono kutafuta sufuria, hakuna. Sikujifunika. Tumesikiliza mpaka kijiko, mpaka chai, mpaka kile kicheko. Mie namtazama macho tu.

Kavunjika. Kalia mpaka kanga wamemaliza kula. Anaitwa Lynnette. Anakaa Chaani, huko huko Changamwe. Boga alimuoa miaka saba iliyopita, kasilimu, ndoa ya halali, wifi mwenyewe alikuwepo! Dhahabu ni mtoto wa miaka sita. Zile zamu za usiku nusu yake hazikuwa zamu. Siku ya kwanza tu wifi aliitambua ile sauti ya mwanamke kwenye spika. Boga alimwapisha asiseme, kisha akafa na kumwachia mzigo.

Nimemwambia umekula chakula changu siku thelathini na moja. Kasema nipige ukitaka. Sikumpiga. Nilichofanya ni kwenda mlangoni na kufungua komeo. Jua lote likanipiga usoni. Mguu mmoja kizingitini. Najiuliza: nimefungiwa humu kwa ajili ya nani? Miaka thelathini na minne nimempikia, nimemngoja, nimewalisha hata ndege zake — mie namkalia eda, na yeye chai yake iko kwingine! Ningekwenda Chaani kwa miguu na nguo hizi hizi nyeupe. Watu waone. Wallahi ningekwenda.

Wifi kanishika miguu. Kanililia, ukitoka leo eda imevunjika, wifi yangu, na hutavunja yake, utavunja yako.

Nimefunga mlango. Lakini komeo sikurudisha. Nimeliacha wazi, nalitazama mpaka sasa.

Jumatano, 3 Septemba

Sikulala. Punje ya thelathini na mbili nimeishika mkononi, sijaitia. Nimesema nikiamua kutoka, nitaitupia kanga.

Saa kumi na mbili na dakika chache nimemwambia wifi, nipe nambari ya huyo mwanamke. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Makali. Mengine siwezi kuyaandika. Wifi kapiga, kaweka simu mezani kati yetu, sauti nje.

Imepokewa mara moja, kana kwamba ilikuwa inangojwa. Nikajitaja. Mimi Mwanarusi, mkewe Boga, wa Likoni.

Kasema, "Shikamoo dada."

Nikasema marahaba! Mdomo wenyewe, sikuuambia. Maneno yangu ya usiku, hata moja sikulitumia. Nikamuuliza tu la kijinga: mbona hukuja hata mazikoni? Hata kujificha nyuma ya watu ukalia, hukuja?

"Ningekuja dada," kasema. "Lakini sijatoka mlangoni. Na mimi niko eda. Leo ni ya thelathini na mbili."

Nikaitazama punje kwenye kiganja.

Kasema hana wa kumkalia, kwao bara hawajui mambo haya. Kila kitu kafundishwa na wifi kwa simu: nguo, udhu, asijipake manukato, asitoke. Anamtuma mtoto dukani na yeye anasimama nyuma ya pazia mpaka arudi. Kaniuliza kama kufungua dirisha kunavunja, maana chumba ni kimoja na joto ni jingi. Mie! Ananiuliza mie! Nikamjibu haivunji. Fungua dirisha, nimemwambia. Sijui kwa nini sauti yangu ilikuwa ya upole, nami nilikuwa bado nimekasirika.

Na hapo saa ikafika. Mashine ikanguruma uani. Tumbili wakakwea. Wifi karukia simu aikate, nami nikamshika mkono, sijui kwa nini nilimshika. Hoi! Hoi! Mashetani nyie, tokeni kwangu! Ndani ya nyumba yote, na ndani ya simu, mpaka Chaani. Panga. Kimya. Kijiko. Na yeye mwenyewe akajisikia: Baba Dhahabu, chai inapoa. Na kicheko.

Simu haikukatwa. Nasikia anapumua. Nasikia mtoto nyuma yake anauliza, "Mama, baba karudi?"

Kaniambia mimi, polepole, "Dada, tafadhali. Irudie. Mimi sina hata sauti moja yake."

Naandika haya simu iko mezani, bado wazi, dakika zinakwenda. Wifi kajifunika uso. Nje kanga wanakula, tisa wote. Mlango haujakomewa. Punje imelowa jasho mkononi mwangu na Salha hajui lolote. Lynnette anangoja, na mtoto anauliza mara ya pili.