Kisima cha Uwanjani

12 Januari

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Goti lako je? Mimi mzima, hata nimenenepa.

Usinikasirikie kwa kuondoka bila kuaga. Ungenizuia, nami ningekusikiliza kama kawaida yangu. Hapa Makao Mapya tuko watu mia mbili. Hakuna kufuli mlangoni, hakuna bosi, hakuna "hiki changu". Mkuu wetu anakula sisi sote tukishashiba. Akikutazama unajiona kumbe nawe ni mtu.

Shida ni maji, tunayabeba mwendo wa saa mbili. Mkuu ameota kwamba yapo chini ya uwanja wa mikutano. Aliposikia mimi ni mtoto wa fundi visima, akanikabidhi kazi mbele ya wote. Mimi, Baba! Wewe hata kamba hukunipa nishike peke yangu.

Mwanao

26 Januari

Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo, ila mbwa wakibweka tu yuko dirishani anachungulia. Goti ni lile lile, lina kiburi kama wewe.

Hongera, nasema kwa moyo. Sasa tuongee kifundi. Mkuu na aote apendavyo, lakini udongo ukoje? Mita ya sita umekuta nini? Ya nane?

Baba yako

15 Februari

Baba, shikamoo. Nimefurahi Mama hajambo.

Mita ya sita mchanga mwekundu. Ya nane mweupe, laini kama unga, unamwagika pembeni. Niliomba saruji tutengeneze ringi za zege za kuzuia kuta. Mkuu akasema ringi ni za watu wasioaminiana, ardhi hii imeshatukubali. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, sijui kwa nini. Nimesimamisha kazi, nimesingizia mgongo. Nifanyeje?

Mwanao

24 Februari

Mwanangu, leo salamu zisubiri. Toka humo!

Mchanga mweupe ndio uliomzika baba yako mkubwa, kamba nikiwa nimeishika mimi. Ndiyo sababu sikukupa. Uliweza kazi, mimi ndiye niliyeogopa.

Bila ringi usishuke hata mita moja. Huyo Mkuu hajui kisima, anajua kuongea. Kama ardhi imemkubali, ashuke yeye kwanza! Nafika tarehe kumi. Endelea na huo mgongo, jitie wazimu ukipenda, ila usishuke.

Baba yako

3 Machi

Baba, shikamoo. Barua yako niliisikia kabla sijaishika. Kuna agizo jipya, barua zote zisomwe uwanjani, kwa sababu hatufichani.

Aliisoma Mkuu mwenyewe, taratibu, kwa ile sauti yake. Alipofika pa mgongo watu wakacheka. Yeye alilia. Akauliza, "Nani kati yetu bado analelewa na woga?" Watu mia mbili wakanigeukia.

Kisha akavua viatu, akashika kamba. Wewe ndiye uliyeandika ashuke, Baba. Watu wakaanza kulia. Ningemwachaje? Nikamnyang'anya ile kamba.

Kesho asubuhi nashuka. Tarehe kumi nitakunywesha maji.

Mwanao, bado

11 Machi

Mwanangu,

Nilifika jana. Barua yako ya mwisho nimepewa langoni, hawakuwa wameituma.

Uwanja umesawazishwa, umefagiliwa vizuri. Hakuna aliyekuchimbua. Mkuu amewaambia ardhi imekupokea. Mama mmoja mpishi alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba uliita. Kama saa nzima, alisema, nao waliambiwa waimbe.

Huyo Mkuu alinikumbatia. Nilikuja kumkaba koo, nikajikuta namlilia begani. Naona haya kukuambia.

Hatua kumi kutoka ulipo wameanza shimo jingine. Kazi kapewa fundi viatu mmoja, ana furaha kama uliyokuwa nayo wewe. Nimemsihi, akanipa pole.

Nakuandikia kwa sababu hapa barua husomwa. Basi na hii isomwe. Mchanga mweupe ukianza kumwagika, tokeni. Ringi kwanza, jamani, ringi kwanza. Na Mkuu akiuliza nani analelewa na woga, kaeni kimya, asisimame mtu.

Najua watacheka. Najua fundi viatu atasimama.

Kesho narudi nyumbani. Mbwa watabweka, na mama yako atachungulia dirishani akidhani tuko wawili.

Baba yako