Mochama wa Mageti, Kibanda Tumemwachia Maroa

Mwaka mmoja umezunguka, Baba, tangu uende Homa Bay kupima geti la Mzee Maranga, ukarudi Rongo kifua kimekubana, na kesho yake hukuamka.

Watu bado wanakuulizia. Kuanzia hapa mpaka Ntimaru, nani hana geti lako? Siri za kila boma ulikuwa nazo: nani anamjengea mke wa pili, nani anawakwepa wakwe. Ulizileta nyumbani pamoja na wenyewe, wateja watatu, wanne, bila taarifa. Mama akinuna, unacheka: "Chai haihesabu vichwa, Nyakerario. Ongeza maji." Tukaosha vikombe mpaka tukasinzia.

Geti ulikuwa hulipaki rangi kabla Mama hajalisukuma kwa kiwiko, ndoo mbili mikononi. "Mama wa watu akitoka sokoni," ulisema, "mkono wa tatu ataupata wapi?" Likikwama unalikata upya, mteja apige kelele asipige. Ijumaa jua likianza kushuka unazima mashine, unaoga, unatuimbisha nyimbo za Sabato kwa hiyo sauti yako mbaya.

Tulipokuzika, Baba mdogo Ogeto alisema kibanda chako cha mageti kifungwe. Mama akakataa. Mwaka mzima amekifungua yeye kila alfajiri, akishika vyuma huku Maroa, mwenzako wa kazi, akichomelea. Lile geti la Mzee Maranga walilikata mara tatu. Lilipokubali kusukumwa kwa kiwiko, Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Mama Bosi, tumeliweza!" Maroa akashangilia.

"Umeliweza wewe, Maroa. Mimi nimechoka."

Usimkasirikie Mama, Baba. Tunajua ulitaka kibanda kibaki cha nyumbani. Ogeto alinuna. Wiki jana Mama alimkabidhi Maroa funguo, akarudi nyumbani bila kupitia kwa jirani yeyote, yeye ambaye hapiti mlango bila kusalimia. Jumapili alilala mpaka saa nne. Tulitembea kwa ncha za vidole, tukawafukuza hata kuku. Tangu tuzaliwe hatujawahi kumwona Mama amelala jua likiwa juu.

Unakumbukwa na mkeo Nyakerario, wanao Bosibori, Cephas na Beverly, ndugu yako Ogeto, Maroa wa kibandani, na waumini wenzako wa Rongo.

Mengi yametuchosha mwaka huu, Baba. Kukukumbuka hakujatuchosha, wala hakutatuchosha.